Wakili ni nani? Amana iliyomo ndani ya neno tunalolitamka kila siku

  

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala, hapa Mlabani katika mji wetu wa Ifakara, tulipotoka msikitini tulimkuta barazani mama mmoja mjane akitusubiri pamoja na binti yake mkubwa. Mama yule alikuwa ameshika bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyogongwa muhuri. Mumewe, kabla hajapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu, alimwandikia mdogo wake karatasi ya uwakilishi: asimamie shamba la mpunga la ekari tano lililoko bondeni, alikodishe, na ikibidi aliuze ili fedha za matibabu zipatikane. Mgonjwa hakurudi akiwa hai. Eda ya mkewe ikaisha, misimu mitatu ya mpunga ikapita, na shamba likaendelea kukodishwa na shemeji yule, fedha akizipokea yeye. Kisha zikafika habari kwamba mnunuzi amekwisha kuletwa kulitazama.

"Sheikh," alisema mama yule, "nikimuuliza shemeji yangu hunionesha karatasi hii, huniambia: mimi ndiye wakili wa marehemu. Nami nauliza, mtu aliyekufa ana wakili?"

Tuliipokea karatasi ile na kuisoma. Chini yake, mahali pa mashahidi, palikuwa na saini yetu.

Hatukuweza kumjibu mama yule kwa haraka, kwa kuwa swali lake lilituhusu sisi pia. Tuliona kwamba neno hili wakili, ambalo sote tunalitamka kila siku, wengi wetu tumelibeba bila ya kulifungua na kutazama kilichomo ndani. Basi leo, kwa uwezo wake Mwenyezi Mungu, tulifungue pamoja.

Mzizi wa neno

Wakili ni neno lililotujia kutoka Kiarabu. Mzizi wake ni herufi tatu, wau, kaf na lam, na maana ya mzizi huo ni kumwachia mwingine jambo lako kwa kumtegemea. Wanazuoni wa sarufi wanaeleza kwamba neno hili lina umbo la mtendaji, lakini maana yake hapa ni ya mtendwa. Yaani wakili, kwa asili, si mtu aliyejinyakulia jambo, bali ni mtu aliyewekewa jambo. Mwenye jambo ni mwingine. Ukilishika hilo, ndugu msomaji, umeshika nusu ya maneno yetu ya leo.

Kutokana na mzizi huo huo tuna kutawakali, yaani kumwachia Mwenyezi Mungu mambo yetu baada ya kufanya lililo juu yetu, kama alivyofundishwa yule Bedui kwamba amfunge kwanza ngamia wake kisha ndipo atawakali. Tuna Al-Wakil, jina miongoni mwa majina matukufu ya Mwenyezi Mungu, na waumini wanaopatwa na dhiki hujiliwaza kwa kukiri kwamba Yeye anawatosha na kwamba hakuna wakili bora kuliko Yeye, kama ilivyokuja katika Sura Aal Imran, aya ya 173.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo haikulipokea neno hili na kuliacha vilevile. Ililizalisha. Kutoka wakili tumepata kitenzi kuwakilisha, na kutoka kuwakilisha tumepata mwakilishi na uwakilishi. Ndugu zetu wa Zanzibar walipounda Baraza la Wawakilishi mwaka 1980, jina la baraza hilo lilitoka katika mzizi huu. Hali kadhalika neno wakala. Katika Kiarabu wakala ni jina la mkataba wenyewe, ule wa kumkabidhi mtu jambo lako. Waswahili wamelifanya kuwa jina la taasisi, kama vile Wakala wa Barabara, na jina la mtu pia. Kijana aliyekaa kibandani pembezoni mwa soko la Ifakara akipokea na kutoa fedha za simu anaitwa wakala, naye kwa hakika ni mbeba amana: fedha zinapita mikononi mwake lakini si zake.

Ni jambo la kuzingatia kwamba Waarabu wa leo, wanapomtaja mtu wa kutetea kesi, kwa kawaida humwita muhami, yaani mwenye kuhami, na mzizi wake ndio uliotupa himaya. Bali watu wa Iran na Pakistani wamebaki na vakil, na katika India ya zama za Waingereza vakil lilikuwa daraja maalumu la watetezi mahakamani. Waturuki humwita mbunge wao kwa neno lenye maana ya wakili wa taifa. Wamalai kwao wakil ni naibu. Jina la Kiingereza la mtu huyu lina asili ya Kilatini, nalo maana yake ni aliyeitwa, yaani aliyeitwa aje asimame ubavuni mwa mwenye shida. Ukiyatazama yote haya utaona kila umma umeshika upande mmoja: hawa wamemtazama kama mlinzi, wale kama aliyeitwa. Sisi Waswahili tumemtazama kama aliyeaminiwa. Kwa mtazamo wetu, hilo ndilo jina zito kuliko yote.

Mwanasheria na wakili

Wengi huyachanganya majina haya mawili, na ni vyema tukayatenga. Mwanasheria ni neno lililoundwa kwa mfano wa mwanachuoni na mwanasayansi: mtu aliyejinasibisha na elimu fulani. Na sheria yenyewe ni neno la Kiarabu. Katika matumizi ya kale ya Waarabu, sharia ni njia ielekeayo kwenye maji, mahali ambapo watu na wanyama huteremka kunywa. Sisi wakazi wa bonde hili, tuliokaa baina ya Mto Lumemo na Mto Kilombero, tunaielewa vyema maana hiyo bila ya kamusi. Si kila ukingo wa mto unaofaa kuteremkia. Kuna mahali penye tope linalozamisha, na kuna mahali penye mamba. Njia iliyokanyagwa na watu wengi ikathibitika kuwa salama, hiyo ndiyo njia ya maji. Baadaye neno hilo likawa jina la mwongozo wa Mwenyezi Mungu kwa waja wake, na katika Kiswahili likapanuka hadi kuwa jina la kila kanuni ya dola, hata sheria za barabarani na sheria ndogo za halmashauri.

Basi mwanasheria hujulikana kwa alichokisoma, na wakili hujulikana kwa aliyemwamini. Mtu anaweza kuwa mwanasheria kwa kusoma peke yake, lakini hawezi kuwa wakili wa mtu mpaka mtu huyo amwekee jambo lake. Kwa upande wa pili, mtu asiyesoma hata darasa moja la sheria anaweza kuwa wakili katika fikihi, kama alivyokuwa shemeji wa mama yule.

Nchi yetu nayo imeyatenga majina haya. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mshauri mkuu wa Serikali katika mambo ya sheria. Kisha mwaka 2018 ikaanzishwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo kazi yake ni kuisimamia Serikali katika kesi za madai. Mmoja ametajwa kwa elimu, mwingine ametajwa kwa kusimama mahali pa aliyemtuma.

Wakala katika fikihi

Wanazuoni wanaitafutia wakala dalili katika Qur'ani Tukufu, na miongoni mwa dalili hizo ni kisa cha Vijana wa Pangoni katika Sura Al-Kahf, aya ya 19. Walipoamka walimtuma mmoja wao mjini na fedha yao, awatafutie chakula kilicho safi, na aende kwa upole asiwatambulishe kwa watu. Tazama, ndugu msomaji, jinsi utume ule ulivyokamilika: ametajwa mtu, imetajwa fedha, limetajwa jambo lenyewe, na umetajwa mpaka wake.

Na katika Sunna iko habari ya Urwa al-Bariqi (R.A.), iliyopokewa na Imam Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi au kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mnyama mmoja na dinari nzima. Mtume (S.A.W.) akamwombea baraka katika biashara yake. Mafunzo ni mengi katika kisa hiki, lakini sisi tunashika moja: faida yote Urwa aliirudisha kwa mwenye mali. Hakusema kwamba werevu ni wangu, basi na dinari iwe yangu.

Ama kuhusu wakili wa kutetea kesi hasa, imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) hakupenda kuhudhuria mwenyewe katika magomvi. Alimweka nduguye Aqil awe wakili wake, na Aqil alipokuwa mzee akamweka mpwawe, Abdallah bin Jaafar, kwa kuwa aliona magomvi yana mashimo na shetani huyahudhuria. Imam Abu Hanifa aliona kwamba mtu asiye mgonjwa wala msafiri hapaswi kumweka wakili katika kesi ila mpinzani wake aridhie, lakini wanazuoni walio wengi, akiwemo Imam Shafi, wameruhusu bila ya sharti hilo. Kwa hivyo mtu asiseme kwamba kumtafuta wakili ni uoga au ni jambo la kuiga kwa Wazungu. Ni jambo kongwe katika dini yetu, na malipo yake, yakiwa ya kujulikana na kwa kazi ya halali, ni halali.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wakala una nguzo nne: mwenye kuweka, mwenye kuwekwa, jambo lenyewe, na tamko la kuwekeana. Wakili ni mwaminiwa, na mali ikiharibika mikononi mwake bila ya uzembe wala kuvuka mpaka, halipi. Lakini akivuka mpaka, dhamana inamgeukia. Aliyewakilishwa kuuza hawezi kujiuzia mwenyewe, wala hawezi kuuza kwa hasara iliyo wazi. Aliyewakilishwa kutetea kesi hawezi kukiri deni kwa niaba ya aliyemweka. Na wakala huu haufungi milele. Kila mmoja anaweza kuuvunja akiwa hai, na mmoja wao akifa, unakatika hapo hapo.

Hili la mwisho ndilo lililokuwa jibu la mama yule. Mtu anapokata roho, mali yake haikai hewani ikisubiri. Baada ya kutolewa gharama za mazishi, madeni na wosia, mali ni ya warithi. Wakili alikuwa amesimama mahali pa mtu fulani juu ya jambo la mtu huyo. Sasa mtu hayupo, na jambo si lake tena. Wakili huyo ni wakili wa nani? Na si fikihi peke yake isemayo hivyo. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, nayo inausitisha uwakala kwa kufariki kwa aliyeuweka. Karatasi yenye muhuri haimfufui mwenye kuiandika.

Wakili wa mahakamani

Ama wakili tunayemwona mahakamani akiwa amevaa joho, huyo ni mtu aliyekusanya majina yote mawili. Kwanza amekuwa mwanasheria kwa kusoma chuo kikuu, kisha kwa kupita katika Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Baadaye hukubaliwa na Jaji Mkuu, hula kiapo, na jina lake huandikwa katika orodha ya mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Chama chao cha Tanganyika kimekuwapo tangu mwaka 1954. Wakili huyo anabanwa na maadili: atunze siri ya mteja, asizichanganye fedha za mteja na zake, asiwatumikie wagomvi wawili katika kesi moja. Msomi wa fikihi akiyasoma masharti hayo hatayaona mageni, kwa kuwa yote yanarudi kwenye amana.

Bahati mbaya, palipo na jina lenye heshima hapakosi wa kulivaa bila ya haki. Watu wanaowaita mawakili vishoka wamekuwa wakizunguka karibu na mahakama na ofisi, wakiandika nyaraka na kupokea fedha za wajane na wazee, ilhali majina yao hayamo katika orodha yoyote. Mwananchi ana haki ya kuuliza, na Mahakama imeweka njia ya kulitafuta jina la wakili kwa mtandao ili kujua kama ameandikishwa na kama ana leseni hai. Kuuliza si utovu wa adabu. Aliye wakili wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Kuna jambo jingine la kulijua kwa familia zetu. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kuingia katika Mahakama ya Mwanzo, na huko mtu alisimama mwenyewe au, kwa idhini ya mahakama, alisimamiwa na ndugu yake au mtu wa nyumbani mwake. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na wakili akaruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Na kabla ya hapo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa elimu na ushauri bila ya malipo, ingawa hawasimami mahakamani mahali pa wakili. Basi asiyekuwa na fedha asidhani kwamba mlango umefungwa.

Nani atakuwa wakili siku ile?

Enyi ndugu katika imani, liko tukio moja lililotajwa na wafasiri wa Qur'ani ambalo kila wakili, na kila mwenye kumtafuta wakili, analihitaji. Mtu mmoja wa Madina aliiba deraya, yaani nguo ya chuma ya vitani. Alipoona siri inakaribia kufichuka, akaifanyia hila ikakutwa kwa Myahudi mmoja. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea ndugu yao kwa maneno mazuri, na hukumu ikakaribia kumwangukia yule asiye na hatia. Ndipo zilipoteremka aya za Sura An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, zikimkataza Mtume (S.A.W.) kuwa mtetezi wa wafanyao hiana, na zikamtakasa yule Myahudi aliyesingiziwa.

Kisha katika aya ya 109 jamaa wale wakaulizwa swali zito. Haya, nyinyi mmewatetea hapa duniani; ni nani atakayewatetea mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama, au ni nani atakayekuwa wakili wao? Neno lililotumika katika aya hiyo ni hili hili, wakili. Sisi tumeisoma Sura hii tangu tukiwa watoto wa madrasa, lakini tunakiri kwamba uzito wa neno hilo haukutufikia sawasawa mpaka siku tulipoishika bahasha ya mama yule.

Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika Hadithi ya Ummu Salama (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, alitutahadharisha kwamba yeye ni binadamu, kwamba katika wagomvi wawili huenda mmoja akawa fasaha zaidi, naye akahukumu kwa alivyosikia. Basi aliyepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo asiichukue, kwa kuwa amekatiwa kipande cha moto. Hapa haikukatazwa kazi ya wakili, maana ufasaha wa kumsaidia mnyonge aipate haki yake ni ibada. Kilichokatazwa ni ufasaha unaoihamisha haki kutoka kwa mwenyewe.

Tulivyomaliza, na tusivyomaliza

Tulimwita shemeji yule, naye alikuja siku ya pili yake bila ya ubishi, akiwa na daftari mkononi. Ndugu msomaji, asidhani mtu kwamba alikuwa mwizi. Fedha za msimu wa kwanza alilipia deni la hospitali. Za msimu wa pili alilipa gharama za msiba na ada za shule za watoto wa marehemu, na yote aliyaandika. Za msimu wa tatu ndizo alizozitia katika biashara yake ya mchele, na biashara ikayumba.

"Sheikh," alisema, "kaka aliniamini."

Tukamwambia kwamba ni kweli alimwamini, lakini alimwamini juu ya jambo lake mwenyewe, na jambo hilo tangu siku ya kufa kwake limekuwa la wengine. Marehemu ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Tuliligawa mbele yake kwa hesabu ya Qur'ani: ukilifanya fungu kuwa sehemu 32, mke ana 4, ambazo ndizo thumuni yake, mtoto wa kiume ana 14, na kila binti ana 7. Ndugu wa marehemu, maadamu yupo mtoto wa kiume, hana hata sehemu moja. Alinyamaza muda mrefu. Kisha binti mkubwa akasema, "Baba mdogo, hatukuja kukushitaki. Tunataka tuambiwe tu, na shamba lisiuzwe."

Mnunuzi aliambiwa hakuna kinachouzwa. Familia ilikaa kikao, ikamchagua mama yule na kijana wake kuwa wasimamizi wa mirathi, wakapeleka maombi katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu. Msimamizi, tofauti na wakili aliyewekwa na mtu aliye hai, huwekwa na mahakama: hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, na hutoa hesabu. Shemeji alikubali kuzirudisha fedha za msimu wa tatu. Nusu amekwisha kuilipa baada ya mavuno. Nusu ya pili bado, na mama yule angali anaingoja.

Ama sisi, tulimwomba mama yule radhi mbele ya watoto wake. Tuliitia saini karatasi ile kwa kumheshimu mgonjwa, hatukumweleza yeye wala mdogo wake kwamba nguvu ya karatasi ile itakwisha atakapokwisha mwenyewe. Lau tungesema maneno hayo machache siku ile, huenda misimu mitatu isingepita katika manung'uniko, na nyumba mbili za ndugu zisingeacha kusalimiana.

Tangu siku hiyo hatutii saini ya ushahidi katika karatasi ya uwakilishi mpaka tumeuliza mambo matatu mbele ya wote. Jambo gani hasa limekabidhiwa, shamba gani na lenye mipaka ipi, na je, ni kusimamia tu au ni kuuza pia? Mpaka lini, na kila mmoja ameelewa kwamba kifo kinaukata? Na hesabu itatolewa kwa nani? Tunawanasihi maimamu wenzetu, wenyeviti wa vitongoji na wazee wa koo wafanye vivyo hivyo. Katika bonde hili, ambako bei ya shamba la mpunga hupanda mwaka hadi mwaka na ambako wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zimepimiwa mashamba na watu kupewa hati za kimila, karatasi moja isiyoeleweka inaweza kuwatoa watoto mayatima katika ardhi ya baba yao.

Nanyi wazazi, wafundisheni watoto wenu neno hili pamoja na maana yake. Mtoto unayemtuma dukani kwa shilingi elfu mbili, akarudi na bidhaa na chenji kamili, huyo amekwisha kuonja uwakili. Akizoea kuirudisha chenji leo, tunataraji hatashindwa kuirudisha amana akiwa mkubwa, awe ni mdogo wa mtu aliyeachiwa shamba, awe ni wakala kibandani, au awe ni wakili msomi mbele ya jaji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu yule na marehemu wetu wote, awalinde mayatima katika mali zao, awape mawakili wetu uaminifu katika ndimi na mikono yao, na atusamehe sisi tulipotia saini bila ya kunena. Yeye ndiye wakili wetu katika mambo tusiyoyaweza. Amin.